Uvimbe Usioletwa na Panga

Mume wangu alinipiga kwa ubapa wa panga Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, saa tisa alasiri. Nasema ubapa kwa sababu ndio uliokuwa utetezi wake baadaye: kama angetaka kuniua, alisema, angetumia makali. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma wa nyumba yetu, nje kidogo ya mji wa Migori, akinoa panga hilo kwa jiwe. Mimi nilikuwa ndio kwanza nifike kutoka kwenye mkutano wa walimu huko Rongo. Wiki hiyo nilikuwa nimefanywa naibu mwalimu mkuu.

"Chakula changu kiko wapi, Mwalimu?" aliniuliza. Hakuwahi kuniita Mwalimu kwa wema.

Nilimwambia kipo mezani, kimefunikwa, binti yetu amekipika.

"Mimi sikumwoa binti yangu," alisema, akainuka.

Pigo la kwanza lilinipata begani. La pili lilitua kifuani, likavuka titi la kushoto kutoka juu hadi ubavuni, na mlio wake ulikuwa kama wa nguo mbichi inayobamizwa kwenye jiwe la mtoni. Niliangukia beseni la vyombo. Sahani mbili zilivunjika chini ya mgongo wangu. Akanipiga teke la mbavu, moja tu, kisha akarudi kizingitini akaendelea kunoa panga lake. Nilikuwa nimelala hapo, maji ya sabuni yakiniingia sikioni, nikisikiliza chuma kikisugua jiwe bila haraka.

Binti yetu alikuwa na miaka kumi na sita, yuko kidato cha pili, amekuja likizo. Alinivuta hadi chumbani, akachemsha maji ya chumvi, akanikanda kwa kitambaa. Mikono yake haikutetemeka, na hilo liliniumiza kuliko panga. Alikuwa amezoea.

"Siku moja atakuua," aliniambia, "nami nitakuwa nje naanua nguo."

Tulikuwa na miaka kumi na minane ya ndoa. Kofi la kwanza lilikuja mwaka wa pili, na baada ya hapo sikuhesabu tena. Mume wangu alikuwa msimamizi wa wakata miwa. Huko shambani wanaume hamsini walimwogopa, na nadhani alipofika nyumbani hakujua namna nyingine ya kuwa mtu. Hiyo nisiifanye sababu. Wapo wasimamizi wengine wa miwa ambao wake zao hawajui rangi ya damu yao wenyewe. Shuleni nilijulikana kama mwalimu anayeanguka. Nilikuwa nimeanguka bafuni, nimegongwa na mlango, nimekanyagwa na ng'ombe ambaye hatukuwa naye. Walimu wenzangu walisema pole, wakarudi kwenye vitabu vyao.

Alama ya panga ilikuwa nyeusi, ikawa zambarau, ikawa njano kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Baada ya wiki tatu rangi ilianza kuisha, lakini chini yake kulikuwa kumebaki kitu kigumu, saizi ya pera bichi. Nikikibonyeza kilikuwa kinauma hadi kwenye meno. Mama mkwe wangu, aliyeishi nasi katika boma lile lile, alinikanda kwa majani ya moto kwa siku nne. Pera lilibaki pale pale.

Basi nikaenda kituo cha afya. Muuguzi aliyenipokea alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kukwaruza. Nilipovua blauzi aliitazama alama ile ndefu kwa muda.

"Ulifanya nini?"

"Niliangukia ukingo wa meza."

"Meza za kwenu zina hasira," alisema.

Akanipima kwa vidole, mduara kwa mduara, hadi kwapani. Alipomaliza alinawa mikono, akaketi.

"Mwalimu, hii huenda ni damu iliyoganda. Huenda si damu. Vidole vyangu haviwezi kuona ndani. Nakuandikia barua uende Homa Bay ukapigwe picha."

Mimi hufundisha Kiswahili. Siku hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia jinsi lugha yetu inavyopiga kila kitu. Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga magoti, tunapiga picha. Nilichukua barua ile na neno lile likanikaa: ukapigwe.

Kabla sijatoka aliniambia kuna dawati la jinsia pale kituo cha polisi, kuna afisa mwanamke, anaweza kunisindikiza. Nilimwambia meza haishtakiwi. Hakucheka.

Jioni nilimwonyesha mume wangu barua. Sikuwa na njia ya kusafiri bila yeye kujua. Aliisoma mara mbili.

"Nenda. Lakini mama ataenda nawe," alisema. "Na ukiniharibia jina huko, usirudi."

Mama mkwe wangu alikuwa na karibu miaka sabini, mwembamba, mkavu, mzaliwa wa pande za Kendu Bay. Hakuwahi kunipigia kelele. Mwanawe aliponipiga, yeye alikuwa akiingia nyumbani kwake na kufunga mlango polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Asubuhi ya safari alifunga kitambaa chake kichwani, akaniambia kwa Kiswahili chake chenye Dholuo ndani, "Nyara, binti yangu, wakiuliza, wewe ulianguka. Mimi nitakuwa hapo." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa anakuja kunitunza. Alikuwa anakuja kumlinda mwanawe.

Tulifika Homa Bay saa nne. Kwenye benchi la hospitali moja ya mjini kulikuwa na wanawake saba au wanane, kila mmoja ameshikilia barua yake kama mtu aliyeitwa mahakamani. Niliitwa kwanza kwenye chumba cha mamogramu, ile mashine inayobana titi kati ya mabamba mawili ili kulipiga picha. Mama mkwe alizuiwa mlangoni.

Aliyeendesha mashine alikuwa msichana mdogo wa umri, mwenye haraka. Aliliweka titi langu la kushoto juu ya bamba, akalinyoosha kwa mkono, akakanyaga kitu chini. Bamba la juu likashuka. Lilipofika mahali pa pera maumivu yalilipuka hadi mgongoni, macho yangu yakaona weupe, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimempiga. Nilimpiga kwa mkono wa kulia, kwa nguvu zangu zote, kwenye mkono wake. Nilisikia mlio. Maishani mwangu nilikuwa sijawahi kumpiga mtu mzima.

Alifungua mashine haraka. Alisimama ameshika mkono wake, na mimi nilikunja mabega nikasubiri. Mwili wangu ulijua kinachofuata. Ukimpiga mtu, au hata usipompiga, kinachofuata ni kipigo.

"Pole," alisema yule msichana. "Nimekuumiza na sikukwambia kwamba itauma. Keti kwanza. Tutaanza upya ukiwa tayari."

Nilikaa kwenye stuli nikalia kwa sauti ambayo sikuitambua. Alinipa maji. Nikamwomba radhi, akasema yaishe. Mara ya pili alinieleza kila kitu kabla ya kukifanya: sasa nashusha, sasa itabana, vuta pumzi, usipumue, imekwisha. Iliuma vilevile. Lakini sikumgusa.

Kutoka hapo tulipelekwa kwa daktari wa picha, mwanamume mrefu mpole wa kusema, aliyekuwa na mashine ya ultrasound kwenye chumba chenye mapazia. Ultrasound haibani. Wanakupaka ute wa baridi na kupitisha kifaa kidogo juu ya ngozi, na ndani yako panaonekana kwenye kioo kama shamba lililopigwa picha kutoka angani. Safari hii mama mkwe aliingia nami akakaa kwenye kiti cha ukutani, mkoba mapajani.

Daktari aliitazama alama iliyobaki kifuani. "Uligongwa na nini?"

"Alianguka," mama mkwe alijibu.

"Nimemuuliza yeye, mama."

"Alianguka. Mimi ni mama mkwe wake."

"Nimekusikia, mama. Naomba utusubiri nje."

Hakuwa na namna. Alitoka akinitazama hadi pazia lilipomfunika. Daktari aligeuza macho kwenye kioo, akauliza tena bila kunitazama, na nadhani alifanya hivyo kwa kunihurumia.

"Panga," nilisema. "Ubapa wake."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu. Nilitegemea kuulizwa nilikuwa nimefanya nini. Alisema tu, "Sawa. Hilo litanisaidia kujua ninachokiona."

Akaniita nitazame. Mahali pa pera palionekana kama dimbwi lenye matope. Alieleza kwamba pale kulikuwa na damu iliyovuja na mafuta ya titi yaliyopondeka. Vitu hivyo huwa vigumu, huuma, humtisha mwenye navyo, kisha hupungua vyenyewe. "Uvimbe huu hauna neno," alisema. "Tutaufuatilia, lakini hauna neno." Nilianza kuvuta shuka nijifunike. Akaninyooshea kiganja, ningoje. Alikuwa amesogeza kifaa kuelekea kwapani, mahali ambapo hapakuwa na alama yoyote na hapakuwa panauma. Alirudi nyuma. Akaenda mbele. Akaanza kupima kwa mistari midogo kwenye kioo.

"Na huu?" niliuliza.

Ulikuwa mdogo kama punje ya haragwe, mweusi, kingo zake zimechanika kama kitu kilichong'olewa kwa meno. Nyuma yake uliangusha kivuli.

"Huu haukuletwa na panga," alisema. "Ulikuwapo kabla. Kipigo hakileti saratani, na mimi sijasema hii ni saratani. Picha inaniambia nishuku. Haiwezi kuniambia nijue. Ili tujue, lazima nichukue nyama kidogo kwa sindano, ikapimwe maabara."

Nilimuuliza kuhusu maneno ya watu, kwamba uvimbe ukiguswa na chuma husambaa mwili mzima. Kwetu kila mtu ana jirani aliyekufa hivyo. Alisema amesikia maneno hayo kila siku ya kazi yake. Wanaokufa, alisema, huwa wamekuja wamechelewa; watu huona sindano ndiyo ya mwisho, wanaihukumu sindano. Nikasema achukue.

Alinidunga ganzi, nayo ilichoma kama siafu kisha ngozi ikafa. Halafu akashika kifaa cha pili, chenye sindano nene na springi.

"Hiki kina mlio mkali," alisema. "Nitakifyatua hewani kwanza uusikie."

Kililia paa! kama mtego wa panya. Nami, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, naibu mwalimu mkuu, nilijikunja kitandani nikafunika kichwa kwa mikono yote miwili, viwiko vikilinda uso. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikilala sakafuni nyumbani. Sikujua kama mwili wangu ungenifichua hivyo mbele ya wageni. Daktari alisubiri. Muuguzi aliyekuwa akimsaidia aliniwekea mkono mguuni.

"Tufanye hivi," daktari alisema. "Kila mara nitahesabu hadi tatu. Ukisema acha, naacha."

Moja, mbili, tatu, paa. Nilihisi msukumo, kama mtu amenisukuma kwa kidole kutoka ndani. Moja, mbili, tatu, paa. Mara ya tatu alipofika mbili nikasema, "Acha." Hapakuwa na maumivu. Nilitaka tu kuona.

Aliacha. Aliitoa sindano ile, akaishika juu, akanitazama. "Niko hapa," alisema.

Katika miaka kumi na minane nilikuwa nimesema neno lile kwa Kiswahili, kwa Dholuo, kwa Kiingereza, kwa kupiga kelele, kwa kunong'ona binti yetu asisikie. Sikuwahi kuliona likifanya kazi. Nililala pale nikitazama dari, na ilinibidi nipumue mara kadhaa kabla ya kumwambia aendelee.

Alichukua vipande vitano. Vilikuwa kama nyuzi za tambi, vyeupe, na alipovitia kwenye kichupa cha dawa vilizama hadi chini vikalala. Daktari aliviangalia kidogo zaidi ya ilivyohitajika, nami nikajua kwamba kuna jambo ameshalijua. Muuguzi alinikandamiza kwa ngumi dakika kumi nzima ili damu isimame. Akanifunga plasta, akaniambia nisibebe maji wala kuni kwa siku tatu. Majibu yangetoka baada ya wiki mbili.

Nje mama mkwe alisimama aliponiona. "Umesema?"

"Nimesema."

 Tulipanda gari, na ni tulipofika Rodi Kopany tu, gari liliposimama sokoni, ndipo alipofungua mdomo, akitazama mafungu ya viazi dirishani. "Atakuua," alisema, kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Tulifika nyumbani saa kumi na moja, jua likiwa bado liko juu ya miwa. Mume wangu alikuwa sebuleni. Mama mkwe hakumwambia nilichosema hospitalini, hilo namshuhudia. Kilichomkasirisha ni plasta, aliyoiona ikichungulia kwenye shingo ya blauzi.

"Nini hiyo?"

Nilimweleza. Nilijaribu kueleza kama daktari alivyonieleza, haragwe, kingo, maabara.

"Nani alikuruhusu udungwe?" Alikuwa ameshasimama. "Unajua watu wangapi wamedungwa uvimbe wakafa? Unanibebea kifo ndani ya nyumba yangu?"

Alishika blauzi ikapasuka vifungo vyote. Alibandua plasta kwa mkupuo mmoja, na kisha, sijui kama hata yeye anajua kwa nini, alinipiga ngumi palepale. Ganzi ilikuwa imeshaisha. Nilianguka kwa magoti na sauti iliyonitoka haikuwa neno. Damu ilianza kutiririka ubavuni, ya moto, ikaingia kwenye mkanda wa sketi. Alinivuta nywele aniinue. Niliona kupitia machozi kwamba binti yangu amesimama kwenye mlango wa jikoni ameinua mchi wa kutwangia juu ya kichwa chake.

"Mwache," alisema.

Baba yake aliniachia akamgeukia. Alikuwa anatabasamu. Hilo tabasamu ndilo ninaloliota hadi leo, si panga. Akapiga hatua mbili kumwendea mtoto, na mama mkwe wangu akaingia katikati. Sikumwona akija. Kikongwe kile chembamba kilisimama mbele ya mjukuu wake kimenyoosha mikono pande zote mbili, naye mume wangu, bila hata kutazama, alimsukuma kwa kiganja kama mtu anayesukuma pazia. Mama mkwe aliruka. Kichwa chake kiligonga fremu ya mlango. Alipoketi sakafuni, kitambaa kilikuwa kimeanguka na mvi zake zilikuwa zinageuka nyekundu.



Aligusa kichwa, akatazama vidole. "Umenipiga," alisema kwa Dholuo. "Umempiga mama yako."

Kwetu Waluo kuna kitu kinaitwa chira. Mtu akivunja mwiko mkubwa, na kumwinulia mzazi mkono ni mmoja wa mikubwa kabisa, chira humla polepole, anakonda, anakwisha, na huenda ikawala hata wanawe. Mume wangu alikuwa Mkristo wa kuketi viti vya mbele. Lakini uso wake ulikwisha rangi. Alipiga magoti, akanyoosha mikono. "Mama, sikukusudia. Mama, sikukuona."

"Toka," mama yake alisema.

Alichukua koti akatoka. Tulisikia baadaye kwamba alipitia Isebania akavuka upande wa Tanzania, akakaa huko kwa mtu wa ukoo. Mchungaji hakuwahi kumtoa katika nyumba ile, wala ndugu zangu, wala sheria ambayo sikuwahi kuiita. Alitolewa na damu ya mwanamke ambaye mila ilimkataza kumgusa. Kwa miaka kumi na minane mwili wangu haukuwa mwiko. Nilikaa sakafuni nikilifikiria hilo, nimejikandamiza kifua kwa kitambaa cha kichwani cha mama mkwe wangu.

Muuguzi wa sauti ya kukwaruza alitushona na kutufunga sote wawili, mmoja baada ya mwingine. Alimuuliza mama mkwe alichogonga. 

"Ni mwanangu," alisema.

Siku iliyofuata tulikwenda kwenye dawati la jinsia. Yeye aliandikisha la kwake tu. Kuhusu langu alisema mwenye mwili yupo, aseme mwenyewe. Nikasema. Ilichukua saa mbili, na afisa alilazimika kubadilisha kalamu.

Majibu yalitoka kama daktari alivyoahidi. Alitukalisha, mimi na binti yangu aliyekuwa ameomba ruhusa shuleni, akalisema neno lenyewe bila kulizungusha: saratani, iliyoanzia kwenye mirija ya maziwa. Ilikuwa bado ndogo, na picha hazikuonyesha kwamba imefika kwenye tezi za kwapani. Nimesoma maelezo ya watu waliosema walihisi dunia imesimama. Mimi nilihisi hasira tupu. Nilitaka kuvunja kioo cha mashine ile. Nilitaka kumpiga mtu, na nilishajua kwamba naweza. Binti yangu alinishika kifundo cha mkono juu ya meza na hakuniachia hadi tulipotoka nje.

Nilikatwa titi mwezi wa Juni, na dawa za saratani za kuingizwa mishipani nilipewa Kisumu kwa miezi mingi. Nywele zilipoanza kubaki kwenye mto, mama mkwe alininyoa kwa wembe uani, akinishika kidevu kwa nguvu kama anayechinja kuku. Alinikata mahali pawili, akanitukana kwa sababu nilitikisika. Ndivyo alivyonihudumia miezi yote ile. Hakuwahi kuniomba radhi. Aliniletea uji, na nilipoutapika aliniletea mwingine.

Mume wangu alirudi mwezi wa Septemba. Wazee wa ukoo walikuwa wameshamtafutia manyasi, dawa ya kusafishia chira, wakafanya yao na mama yake naye akakubali. Baada ya hapo alikuja kuniona. Tayari nilikuwa nimehamia nyumba ya kupanga karibu na shule. Alikuja na ndugu yake mkubwa, wakakaa kwenye viti viwili nilivyokuwa navyo. Alikuwa amekonda. Aliongea vizuri, kwa utulivu, kuhusu mtoto na boma, kisha akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba kutoka Tanzania.

"Ukiangalia ukweli, kama nisingekupiga siku ile usingejua una ugonjwa. Hata kanisani wanasema hivyo. Mungu alitumia lile panga."

Ndugu yake aliinamisha kichwa kama mtu anayesikia hoja nzuri.

Nilimwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Mwaka mmoja kabla ya panga, wauguzi walikuja shuleni kwetu kutukagua matiti walimu wote wa kike, bila malipo, katika darasa lililofungwa mapazia. Wenzangu wote waliingia. Mimi nilisema nina mitihani ya kusahihisha. Mgongo wangu siku hiyo ulikuwa na alama za mkanda wake, mpya, saba, na nisingeweza kuvua blauzi mbele ya mtu.

"Haragwe lile huenda lilikuwapo siku hiyo," nilimwambia. "Wewe hukunionyesha ugonjwa. Wewe ndiye uliyenifanya niuvalie nguo mwaka mzima."

Alifungua mdomo. Niliona mkono wake wa kulia ukiinuka kutoka gotini, peke yake, kwa mazoea, na nduguye akaushika hewani. Nikafungua mlango. Kesi ilisikizwa mwaka uliofuata, akafungwa, akatoka. Sasa hivi tukikutana sokoni Migori ananisalimia yeye kwanza, nami naitikia, kila mtu anashika njia yake.

Huu ni mwaka wa nne. Titi lililobaki linapigwa picha kila mwaka, na wiki moja kabla huwa sifai kwa mtu yeyote. Mara nyingi nimemsihi mama mkwe wangu naye akapimwe. Alikuwa akikataa. Alisema amebanwa vya kutosha duniani. Mwezi uliopita alikuja kwangu na karanga, tukaketi tunamenya, na kwa sababu ambayo siijui alivuta shingo ya gauni lake akanionyesha bega. Mfupa ulikuwa umeungana vibaya, umetokeza kama fundo la mti.

"Baba yake," alisema. "Kwa mpini wa jembe. Mwanangu alikuwa na miaka minne. Alikuwa ameketi karibu, kama wewe hapo ulipo."

Niliweka kiganja changu juu ya fundo lile nikakiacha hapo. Yeye aliendelea kumenya karanga.

Wiki iliyofuata tulikwenda Homa Bay. Picha zake zilikuwa safi. Alilalamika njia nzima, hadi Rongo, kwamba mashine ile inabana kama mlevi.